Usinunue kontroli boksi kabla hujapima ethi

Hiyo hela usiitoe. Mwambie fundi asubiri, kisha soma hapa mpaka mwisho.

Umesema Hiace yako yenye injini ya petroli ya 1RZ-E inazima barabarani ikishapata moto, stata inazunguka kwa unyonge, taa ya injini inawaka na kuzima inavyotaka, na fundi ameshakuambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, umpe laki tano akuletee la mtumba. Nilipofika kwenye hiyo laki tano damu ilichemka, maana nami niliambiwa hivyo hivyo, tena na mtu aliyekuwa na uhakika kama huyo wako.

Yangu ilikuwa na injini hiyo hiyo, inabeba abiria. Ilishushwa injini kwa ajili ya ovahoo, ikarudi barabarani vizuri, halafu baada ya muda ikaanza kuzima. Fundi umeme akaja na tasta ya taa, akagusa waya mbili tatu, akatoa hukumu: kontroli boksi. Hakupima volti hata sehemu moja. Nikanunua la mtumba, gari ikawaka, nikamshukuru na kumlipa. Haikumaliza mwezi. Nikanunua la pili, nalo likafa kwa dalili zile zile, naye akaniambia eti vipuri vya mtumba ndivyo vilivyo, ni bahati nasibu.

Hapo ndipo ninapomkasirikia hadi leo. Fundi yeyote anaweza kukosea mara ya kwanza. Lakini boksi la pili linakufa mikononi mwako na hujiulizi ni nini kinachoyaua? Huo ni uzembe, na gharama yake niliilipa mimi: maboksi mawili, pamoja na hesabu ya kila siku gari ilipolala huku marejesho ya mkopo yakinisubiri.

Aliyeligundua tatizo hakuwa fundi magari kabisa. Ni mzee anayetengeneza redio na televisheni, nilimpelekea boksi la pili aone kama linafufuka. Alilifungua akanionyesha njia ya shaba upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, imeungua nyeusi. Akaniuliza, "Ule mkanda wa ethi wa injini upo?" Tukaenda kuchungulia chini. Haukuwepo. Walioshusha injini hawakuurudisha, boliti yake wameifunga peke yake.

Sasa elewa kilichokuwa kinatokea. Stata inavuta zaidi ya ampea mia, na umeme wote huo lazima urudi kwenye hasi ya betri. Kwangu waya wa hasi ulifungwa kwenye bodi ya gari, na mkanda uliotakiwa kuunganisha injini na bodi haupo. Maji ya masika ukiyazibia mtaro yanaingia mlangoni kwako. Umeme ukashika waya nyembamba za ethi za kontroli boksi, zile zilizofungwa kwenye injini, ukapita ndani ya boksi na kutokea kwenye bodi. Kila nikipiga stata nilikuwa nakaanga boksi. Hata waya wa pedeli ya mafuta ulikuwa unapata moto, kwa sababu nao ni chuma kinachogusa injini na bodi. Ushike wako sasa hivi baada ya kupiga stata kwa muda. Ukiwa wa moto, jibu umelipata.

Kanuni yangu ni hii: pima ethi ikiwa inafanya kazi, yaani umeme ukiwa unapita, kabla mtu yeyote hajataja kontroli boksi. Chukua multimita, weka kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kichwa cha waya. Nyekundu iguse chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata. Ukiona nusu volti au zaidi, ethi ni mbovu. Nzuri hubaki karibu na 0.2. Rudia kwa kugusa bodi. Halafu injini ikiwa inanguruma, pima kwenye soketi ya kontroli boksi, waya zake za ethi, E1 na E01: isizidi volti 0.1. Upande wa chanya vivyo hivyo, linganisha volti za betri na zile za +B, waya unaolilisha boksi umeme wa chanya.

Na usikubali fundi akupimie ethi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya bila mzigo. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utasoma sifuri safi kwenye omu, lakini ukiubebesha mzigo hauwezi. Ndiyo maana nasema ipimwe ikiwa inafanya kazi.

Betri iliyojaa na iliyopumzika isome kama volti 12.6, na injini ikiwaka alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.4. Kusoma namba za makosa ya injini hakuhitaji mashine. Tafuta kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 14 ni ishara ya ignaita, kifaa kinachowasha cheche za plagi. Angalia vizuri unachounganisha, humo ndani mna +B pia.

Kama taa ya injini haiwaki kabisa ukiwasha swichi, angalia fyuzi ya EFI na rilei yake, kisha chomoa sensa zinazolishwa volti 5 moja moja. Taa ikirudi ulipochomoa mojawapo, hiyo ndiyo imeshoti. Hayo yote yakiwa sawa na boksi bado kimya, hapo lishuku. Hata hivyo lifunguliwe kwanza na fundi wa elektroniki: maboksi ya miaka ya 90 kapasita zake huvuja, na kubadilisha kapasita ni hela ndogo sana kuliko laki tano.

Pima leo ukiweza. Niandikie hapa volti ulizopata wakati wa stata, injini na bodi kila moja peke yake, na uniambie kama injini iliwahi kushushwa.