Kabla hujachagua AP Psychology, soma hapa kwanza

Kila inapofika wakati wa kuchagua masomo, wadogo zangu wa huku Marekani huniuliza: "Dada, AP Psychology ni rahisi, eti?" Wamesikia ni somo la saikolojia la kiwango cha chuo, unalolisoma ukiwa bado sekondari, lenye maneno tu, halina hesabu. Mimi huwajibu kwamba inategemea umeingia ukitafuta nini. Ukiingia ukidhani utafundishwa kusoma mawazo ya watu, utaumia.

Nilifika Columbus, Ohio, nikiwa nimemaliza kidato cha pili Tanga. Somo hili nililichukua nikiwa darasa la 11, na mtihani nikaufanya Mei 2025. Jaribio letu la kwanza darasani nilipata 58 kwa mia, na nilikuwa nimekesha nikikariri. Tatizo ni kwamba hakuna swali lililouliza maana ya neno. Kila swali lilileta kisa cha mtu fulani, kisha likataka nitambue ni dhana gani inafanya kazi pale.

Iliyonitesa zaidi ni uimarishaji hasi. Neno "hasi" lilinifanya nifikirie adhabu, na sivyo. Adhabu hupunguza tabia. Uimarishaji, hasi au chanya, huiongeza.

Jioni moja Mama alikuwa anachoma chapati, nikaamua kumweleza kwa Kiswahili. "Mama, ukiingia kwenye gari hujafunga mkanda, gari linapiga kelele. Ukifunga, linanyamaza. Kesho utawahi kuufunga. Kero imeondoka, tabia imeongezeka."

Mama akageuza chapati. "Basi ni kama yule mtoto aliyegaragara dukani juzi. Mama yake alipompa pipi, akanyamaza. Kesho atampa tena."

Niliacha kila kitu nikaandika. Mama wa yule mtoto ameimarishwa kwa kelele kuisha, hiyo ni hasi. Mtoto ameimarishwa kwa kupata pipi, hiyo ni chanya. Kisa kimoja, watu wawili, majibu mawili. Maswali ya somo hili yanakaa hivyohivyo. Tangu siku ile dhana ambayo siwezi kumweleza Mama bila neno la Kiingereza niliihesabu kuwa bado sijaielewa.

Mtaala ulibadilishwa kuanzia mwaka wa masomo wa 2024/25, kwa hiyo kuwa mwangalifu na vitabu vya zamani vya mazoezi. Sasa una sehemu tano: ubongo na mwili, utambuzi na kumbukumbu, ukuaji na kujifunza, saikolojia ya jamii na haiba, kisha afya ya akili na mwili. Mtihani unafanyika kwenye kompyuta. Una maswali 75 ya kuchagua kwa dakika 90, yenye theluthi mbili ya alama, halafu maswali mawili ya kuandika kwa dakika 70. La kwanza linakupa utafiti mmoja uuchambue. La pili linakupa muhtasari wa tafiti tatu ujenge hoja yako kwa ushahidi.

Ndiyo maana nasisitiza tafiti. Usikariri jina na mwaka tu, uliza walifanyaje. Mwaka 1974 Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo ulikuwa kiasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kwamba magari "yalipondana", walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwamba "yaligongana". Kitenzi kimoja tu kilitosha kuyumbisha kumbukumbu. Ukiweza kusema walibadilisha nini, walipima nini, na kwa nini washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, swali la kuchambua utafiti halitakutisha.

Ada ya mtihani inakaribia dola 100. Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa, kwa hiyo muone mshauri wa wanafunzi mapema, maana shule nyingi hufunga usajili Novemba. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingine huhesabu 3 kama somo la chuo ulilokwisha kulimaliza, vingine hutaka 4 au 5, vingine havihesabu kabisa. Angalia tovuti ya chuo unachokitaka.

Sehemu ya afya ya akili itakufuata nyumbani. Utajiona una kila ugonjwa unaousoma, na hilo huwapata wanafunzi wengi. Lakini kama kuna jambo linakulemea kweli, nenda kwa mshauri wa shule, usijipime mwenyewe kwa kitabu.

Jioni niliyomweleza Mama dalili za sonona, alizima jiko akakaa. Akanitajia mama yake mdogo, aliyeacha kula na kutoka nje miezi mingi baada ya kufiwa, nao nyumbani wakasema amerogwa. Akaniomba nirudie ile orodha. Nikairudia, polepole, dalili moja baada ya nyingine, naye akawa anaitikia kwa kichwa.