Athieno, kuhusu ile simu ya Okoth

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Athieno,

Ujumbe wako niliupata Alhamisi. Nikausoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza umpokonye mdogo wako Okoth, mnayekaa naye huko, simu yake au umwachie. Mchana kutwa amelala, chakula anakichokonoa tu, hesabu zimeshuka, na mtihani wa S.4, kidato cha nne, uko mlangoni. Tena unataka nijibu kwa neno moja, maana nawe una mitihani yako hapo chuoni Makerere.

Neno moja ninalo. Ngoja kwanza.

Zile karatasi za utafiti wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni, ulizoniachia Krismasi nimezisoma zote, hata kama ulidhani mama yenu atazifungia karanga. Iliyonikaa ni ile ya Masaka na Rakai, kule kusini mwa Uganda yetu. Kumbe kabla ya kumtibu mtu, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe hali hii wanaiitaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Nikaweka karatasi chini. Sisi wa kota za reli tungeulizwa, tungesema nini? Mjapadhola, Msamia, Mkamba, Mnubi, wote tulikutana kwenye Kiswahili chetu kile cha stesheni, na neno lilikuwa moja: ana mawazo. Mama asipowasha jiko siku tatu, ana mawazo. Mtu wa zamu akibaki kwenye benchi na treni ilishapita zamani, ana mawazo. Tukishasema hivyo tumemaliza, kila mtu anashika lake. Hatukuwa na roho mbaya. Tulidhani mawazo ni kama mvua, yatakatika yenyewe.

Wale hawakungoja yakatike. Vijiji 30, nusu yake vikapewa vikundi. Watu wanakaa pamoja na kuzungumza saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, na anayewaongoza ni mtu wa hapohapo aliyefundishwa wiki mbili tu. Mwanzoni asilimia 86 ya wanakikundi walikuwa na hiyo unayoiita sonona. Mwishoni asilimia 6.5. Waliokosa vikundi walishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Mimi nimekuwa karani wa mizigo miaka 26, najua mzani unavyodanganya, na nimetafuta udanganyifu hapo nikaukosa. Wiki 16, Athieno! Yaani mtu anaulizwa mara 16. Na unajua ninavyosema siku zote: mtu haulizwi mara moja. Mara ya kwanza anakujibu kwa adabu. Mara ya pili ndipo anakujibu.

Usicheke. Hilo sikuzaliwa nalo, nimelipata kwa nduguyo Owor.

Wewe hukuwepo, corona ilikukuta Jinja kwa shangazi yako na magari yakazuiwa. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022, ukiacha vile vipindi vya kuwaita baadhi ya watoto na kuwafukuza tena. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenionyesha kwamba hakuna nchi nyingine iliyofunga muda mrefu kama sisi. Owor alikuwa S.2. Mwanzoni alisoma, hata akawa anamfundisha Okoth kugawanya kwa vifuniko vya soda. Kisha akaenda kwenye tanuri za matofali, nami nikafurahi, nikawaambia majirani kijana amepata akili. Kisha matofali nayo akayaacha. Akawa mtu wa kulala uso ukutani. Na simu hakuwa nayo. Nyumba nzima tulikuwa na kile kikatochi changu kilichofungwa kwa raba.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa nasikiliza redio. Yeye amesimama mlangoni, anakwangua rangi ya fremu kwa ukucha. Nikamwuliza, "Owor, una nini?" Akasema, "Sina kitu, Baba."

Nikaongeza sauti ya redio.

Walikuwa wanazungumzia bei ya petroli. Bado nakumbuka, na mimi gari sina, hata pikipiki sina. Alisimama pale kidogo, kisha fremu ikanyamaza. Ile rangi iliyokwanguka sijaipaka tena. Mama yenu anadhani ni uvivu.

Tarehe 10 sare imenyooshwa kwa pasi ya makaa, kitanda kitupu. Aliyeniambia ni muuza vocha, kwamba kamwona Malaba amekaa juu ya lori. Leo ni taniboi wa njia ya Juba, unajua. Jumapili hupiga simu. "Niko sawa, Baba." Dakika moja na sekunde chache, naziona zimeandikwa pale kwenye kioo. Mama yenu huuliza amesemaje, nami namwambia anakusalimu sana, hata siku ambazo hakusalimu.

Sasa nijipinge mwenyewe kabla hujanipinga wewe. Karatasi ya pili, ya mwaka 2007, ya kambi za waliohamishwa na vita kule kaskazini. Vijana 314 wa miaka 14 hadi 17. Vikundi vya namna ileile. Wasichana walipata nafuu. Kwa wavulana haikuonekana tofauti ya maana. Wavulana! Kila wiki wanaulizwa, na bado. Basi labda Owor ningemwuliza mara mia, angenijibu "sina kitu" mara mia. Niliisoma hiyo usiku, nikaona kama nimepunguziwa mzigo, kisha nikajionea aibu kwa kuona hivyo.

Mama yenu anasema mvulana haulizwi, anapewa kazi ya kufanya pamoja nawe, maneno yatatoka mikono ikiwa na shughuli. Nikamwonyesha kwamba kulikuwa na kikundi kingine hapohapo cha michezo na sanaa, nacho hakikupunguza huzuni. Akanijibu kwamba hao hawakuwa wanamenya maharage. Na mwanamke huyo hajasoma hata ukurasa mmoja.

Haya, simu. Huyo profesa wako wa Marekani, Haidt, anasema simu na mitandao ndivyo vilivyowaharibu vijana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wale wa Uingereza, Orben na Przybylski, mwaka 2019 walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakasema vyombo hivi havielezi zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za hali zao za moyo. Katika kilo 1,000 hizo ni kilo nne. Mzani wetu wa behewa ulikuwa haushtuki kwa kilo nne. Lakini pale stesheni mizigo haikupita kwenye mabehewa tu, kulikuwa na wachukuzi pia, na mchukuzi aliyekwisha elemewa ukimwongezea kilo nne anapiga goti. Okoth ni behewa au ni mchukuzi? Karatasi haikusema.

Nakaribia kukwambia umwachie. Nakaribia sana. Nilikuwa nimeshaliandika neno lenyewe, nikalikata, utaliona pale juu ya tarehe, usihangaike kulisoma. Wewe ndiye unayelala chumba cha pili, wewe ndiye unayejua kama usiku kuna mwanga chini ya shuka, na kama akiwa na hiyo simu anacheka au anakodoa tu. Mimi nilikuwa na mmoja mlangoni, hatua tatu kutoka kwangu, na sikujua.

Ila kuna moja sikuachii uamue. Akitamka kwamba hataki kuishi, hata kwa mzaha, usiningoje na usinipigie kwanza. Mpeleke Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, siku hiyohiyo. Najua jina hilo tulikuwa tunatishia watoto nalo. Tulikosea.

Ijumaa nakuja kwa basi la asubuhi. Usimwambie Okoth. Nitalala sebuleni, godoro lile jembamba linanitosha. Mama yenu ameshafunga gunia la maharage, yote na maganda yake, na nilipomwuliza kwa nini asiyamenye huku ili mzigo uwe mwepesi, alinitazama tu.

Baba yako