Kabla ya kupuliza dawa, pasua boga lililoanguka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Unawazuiaje wadudu waharibifu kwenye bustani ya maboga ya nyumbani?" Najibu kutoka Muheza, mkoani Tanga, ambako joto na unyevu wa pwani huwapa wadudu hao riziki karibu mwaka mzima. Kwa ufupi, kazi kubwa hufanywa kwa kisu, karatasi na jembe. Dawa ya kupuliza huja mwisho kabisa, tena ikibidi.

Nasema hivyo kwa sababu ya msusa, yaani mboga ya majani ya maboga. Mwenye maboga uani hasubiri boga likomae ndipo ale. Wiki chache tu baada ya mbegu kuota anaanza kuchuma majani machanga, anayamenya nyuzi, anayaunga kwa nazi au karanga, na wengine huchanganya na maua dume. Majani hayo huchumwa kila baada ya siku chache mpaka mmea uzeeke. Sasa mtu wa namna hiyo atapata wapi siku saba au kumi na nne ambazo lebo za dawa nyingi humtaka asubiri kabla ya kuvuna? Akipuliza Jumatatu, Alhamisi watoto wanakula. Boga lililooza ni hasara ndogo, lakini sumu kwenye chungu cha mboga inaniogopesha kwelikweli, na ninaona imekuwa jambo la kawaida mno.

Kingine kinachotupoteza ni mafunzo yanayosambaa kwenye simu. Mengi yametoka Marekani, na huko adui mkubwa wa maboga ni nondo ambaye kiwavi wake hutoboa shina karibu na ardhi. Nondo huyo ni wa kwao. Nimeona watu huku wakipasua mashina mazima kumtafuta. Wakulima wa Marekani bara nao hawana kero ya nzi wetu wa maboga, yule ambaye funza wake huozesha tunda, ndiyo maana wanamtaja kwa nadra, isipokuwa wale wa Hawaii, ambao wameishi naye tangu mwisho wa karne ya 19.

Kwa hiyo anza kwa kupasua. Maboga machanga yakianza kupukutika, usikimbilie duka la pembejeo. Okota moja, likate katikati, ulitazame. Ukikuta nyama safi isiyo na mtoboo, tunda limenywea tu na kuwa la njano kuanzia nchani, hapo hakuna mdudu. Ua jike halikuchavushwa vya kutosha. Ua la boga hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshajifunga, na ua jike hupata asubuhi hiyo moja tu. Nyuki wasipofika, tunda linakufa. Mtu akidhani ni wadudu akapuliza dawa asubuhi, anaua nyuki wachache waliobaki na wiki inayofuata maboga yanapukutika zaidi. Dawa ya tatizo hili ni mkono wako: chuma ua dume lililofunguka, bandua petali zake, kisha gusisha ile chavua ya njano katikati ya ua jike. Ua jike utalitambua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Na mmea ukitoa maua mengi ya mwanzo yakaanguka yote bila tunda, usihuzunike. Kwa kawaida madume hutangulia, majike hufuata.

Ukikuta nyama imelainika, ina maji na funza weupe, wengine wakijikunja na kuruka ukiwamwaga chini, huyo ni nzi wa maboga. Kwenye ngozi utaona alama ya mchomo, mara nyingi ikiwa na tone la utomvu uliokauka. Wapo wa aina zaidi ya moja, lakini anayetusumbua sana anajulikana kitaalamu kama Zeugodacus cucurbitae. Asili yake ni Asia, na hapa Tanganyika alikwishaonekana tangu miaka ya 1930. Ni wa kahawia, ana mistari ya njano mgongoni na mabaka meusi kwenye mabawa, na watu wengi humdhania nyigu mdogo asiye na madhara.

Maisha yake ndiyo yanayotuonyesha pa kumkamatia. Jike huchoma boga changa, pengine hata ua ambalo halijafunguka, akataga ndani. Kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Funza hula kwa takriban wiki moja, kisha hutoka, hujifukia sentimita chache ardhini na kugeuka pupa. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo nzi mpya anatoka. Sasa fikiria dawa inayopulizwa juu ya majani: yai na funza wako ndani ya tunda, pupa yuko ndani ya udongo, na nzi mzima hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa amepumzika kwenye mahindi, mbarika au kichaka cha jirani, akija kwenye maboga kutaga tu. Unapuliza mahali ambapo karibu hayupo.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuvisha tunda. Siku inayofuata baada ya uchavushaji, petali zikiwa zimesinyaa, funika kiboga kwa karatasi ya gazeti iliyokunjwa mara mbili au mfuko wa khaki, ukifunga kwa kamba laini kwenye kikonyo bila kukikaba. Masika karatasi huloa, hivyo tumia kitambaa chepesi. Chandarua kuukuu kisichofaa tena kulalia nacho kinasaidia, ila kina masharti mawili. Kisigusane na ngozi ya tunda, maana jike anaweza kuchomea kwenye matundu. Na kama kilitiwa dawa, usikitandaze juu ya majani unayochuma. Badilisha mfuko kadiri boga linavyokua, uuondoe ngozi ikiwa ngumu kiasi kwamba ukucha hauzami. Katika bustani ya mashina matano au sita hii ni kazi ya dakika chache asubuhi, wakati uleule wa kuchavusha. Mwenye ekari nzima hawezi, nakubali, lakini swali lenu ni la nyumbani.

Kisha matunda yaliyochomwa. Yaokote kila baada ya siku moja au mbili, pamoja na yale ambayo bado yananing'inia lakini yana alama. Usiyatupe kwenye jalala la mbolea wala pembeni ya uzio. Hapo umemlea nzi kwa mikono yako. Zika kwa kina cha nusu mita na ushindilie udongo, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, uuache juani wiki moja hadi mbili mpaka funza wafe kwa joto. Wataalamu wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wanaeneza njia nyingine nzuri zaidi: hema dogo la wavu ambamo matunda mabovu huwekwa. Matundu ya wavu ni madogo kwa nzi, lakini yanatosha kupitisha vinyigu vidogo sana ambavyo hutaga ndani ya mayai au funza wa nzi na kuwaua. Nzi wanafia ndani, rafiki zetu wanatoka kwenda kuwinda wengine. Kikundi cha majirani kinaweza kulitengeneza. Msimu ukiisha na mashina yakang'olewa, fungulia kuku waingie. Watachakura pupa.

Hapa niseme kuhusu mitego, kwa sababu kwetu Muheza, penye machungwa na maembe, imezoeleka. Mtego wenye kivutio cha methili ujenoli (methyl eugenol) hunasa madume wa nzi wa maembe, yule aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na kusambaa sehemu kubwa ya Afrika. Nzi wa maboga hauendei. Yeye madume wake huvutwa na kivutio kingine kiitwacho kyuluu (cue-lure), na binamu yake mmoja, Dacus ciliatus, havutwi na chochote kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo mtu anayetundika mtego wa maembe juu ya maboga ataona umejaa nzi, atafurahi, na maboga yataendelea kuoza. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kivutio kilichomo kinaitwaje. Jike kwa upande wake anatafuta protini ili mayai yake yakomae, na ndiyo maana chupa yenye hamira, sukari na maji yaliyochachuka humvuta kwa kiasi. Toboa matundu madogo ubavuni, itundike kwenye mahindi yaliyo kando ya bustani, palepale anapopumzika, na ubadilishe maji kila wiki. Inapunguza tu, haimalizi.

Wadudu wa majani nawaweka nyuma kwa makusudi, ingawa ndio wanaoonekana zaidi. Hatari yao kubwa ni wakati wa miche. Mbawakawa wa rangi ya chungwa anaweza kumaliza yale majani mawili ya kwanza kwa siku moja, na mche ukafa. Sota, kiwavi anayejificha ardhini, naye hukata shina usiku. Panda mbegu tatu kila shimo, zungushia kila shimo kopo lililokatwa sehemu ya juu na chini, funika kwa wavu, na nyunyiza majivu makavu kidogo juu ya majani umande ukiwapo, ukirudia baada ya mvua. Asubuhi na mapema mbawakawa huwa wazito, waokote na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Mmea ukishafika majani matano ya kweli, ondoa wavu. Kuanzia hapo matundu machache kwenye majani hayanisumbui kabisa, na nawasihi wenzangu wayavumilie. Ila funza wa mbawakawa huyo huishi ardhini akila mizizi na wakati mwingine boga linalogusa udongo mbichi, hivyo weka kipande cha ubao au kigae chini ya kila boga.

Angalieni pia msije mkaua walinzi. Wapo mbawakawa wa duara wenye madoadoa ambao hula vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu, na wapo wanaofanana nao ambao hula majani. Wanaofaa wana mgongo unaong'aa. Wala majani wamefifia na wana vinyweleo vifupi ukiwatazama kwa karibu.

Vidukari wenyewe hukaa chini ya majani na kwenye ncha changa, na ubaya wao mkubwa ni kusambaza virusi vinavyokunja majani na kuyatia mabaka ya njano. Mmea uliokwisha kuugua hautibiki, ung'oe. Vidukari wakiwa wachache, wasugue kwa vidole au wamwagie maji kwa nguvu. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, upulize jioni upande wa chini wa jani. Sabuni huua mdudu inayemgusa tu. Jaribu kwanza jani moja, na suuza kesho yake. Mwarobaini nao upo kila kona ya pwani: gramu 50 za kokwa kavu zilizotwangwa, lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza matone ya sabuni, puliza jioni kwa sababu jua huharibu nguvu yake. Chuma majani utakayokula kabla ya kupuliza, kwani uchungu hubaki. Maji ya tumbaku nayakataa kabisa kwenye mboga ya majani. Nikotini ni sumu kwa mtu, na kuitwa dawa ya asili hakuiondolei sumu hiyo. Utupa, mmea mwingine unaotumiwa kama dawa ya wadudu, nao huua samaki, usiusogeze karibu na kijito wala bwawa.

Anayeona hana budi kutumia dawa ya dukani anunue iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kwenye chombo chake chenye lebo ya mbogamboga. Asikubali iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, wala iliyobaki kutoka kwenye pamba. Apulize jioni maua yakiwa yamefunga, na aache kuchuma msusa mpaka siku za kwenye lebo zitimie. Kama hawezi kuacha kuchuma, asipulize.

Lililobaki ni la majirani, maana nzi hajui uzio. Wajapani walimtokomeza nzi huyuhuyu wa maboga katika visiwa vya Okinawa, wakamaliza mwaka 1993, kwa kufuga mamilioni ya nzi, kuwahasi kwa mionzi na kuwaachia ili majike watage mayai yasiyoanguliwa. Sisi wa Tanga tuna sababu ya kuielewa njia hiyo: mbung'o waliohasiwa na kuachiwa Unguja katika miaka ya 1990, mpaka kisiwa kikawa huru, walifugwa hapahapa Tanga. Mtaa hauwezi kufuga nzi, lakini nyumba kumi zinaweza kukubaliana siku moja ya wiki ya kuokota matunda yaliyochomwa na shimo moja la kuyazika. Mkianza, tazameni kwanza nyuzio zenu. Madodoki, mamumunye, karela na matango mwitu yanayojitambalia humo hulea nzi huyo hata wakati hakuna aliyepanda maboga. Dodoki lililokomaa lichumwe likaushwe kwa kuogea, na machanga yenye alama ya mchomo yaingie shimoni pamoja na maboga.