Dalali Yupi, Bei Gani? Majibu kwa Wasomaji Wanaouza Nyumba

SWALI: Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu. Tuna nyumba ya vyumba vinne Kimara, Dar es Salaam, yenye hati miliki, tuliyoijenga kidogo kidogo na kuhamia mwaka 2006. Watoto wameshajitegemea, nasi tunataka kuiuza tukaishi Morogoro. Tumewaita madalali watatu. Wa kwanza amesema nyumba itatoka kwa shilingi milioni 240 bila shida. Wa pili amesema milioni 170, akataka mkataba wa maandishi na kamisheni ya asilimia 5. Wa tatu hakutaja bei yoyote: alituuliza sisi tunataka kiasi gani mkononi, akasema cha juu tumwachie yeye. Majirani wanatushauri tumchukue huyu wa tatu kwa sababu yeye hadai kamisheni. Tumchague yupi, na tutangaze bei gani?
Mwalimu Mstaafu, Kimara

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nitaanza na huyo wa tatu, kwa kuwa ndiye anayependekezwa na majirani na ndiye ninayemhofia zaidi. Mpango wa cha juu unaonekana wa bure kwa sababu muuzaji haoni fedha ikitoka mfukoni mwake, lakini fedha hiyo inatoka kwenye nyumba yenu. Tuseme mmemwambia mnataka milioni 150. Yeye ataitangaza kwa milioni 190. Mnunuzi mwenye milioni 165 taslimu, ambaye nyinyi mngempokea kwa mikono miwili, ataambiwa bei haishuki kufika hapo, ataondoka, na hamtajua kamwe kwamba alifika. Hali huwa mbaya zaidi dalali anapompa taarifa dalali mwenzake, naye akaongeza chake, kisha wa tatu akaongeza chake. Baada ya wiki mbili picha za sebule yenu zitakuwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram kwa bei tatu tofauti. Mnunuzi makini akiona nyumba moja ina bei tatu huhisi utapeli, na katika jiji ambalo watu huandika ukutani kwa rangi nyekundu “Nyumba hii haiuzwi” ili kujikinga na matapeli, hisia hiyo inatosha kumfanya asipige simu.

Kisheria pia mpango huo una kasoro. Dalali ni wakala wenu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mwenye mali haki ya kudai faida ambayo wakala wake ameipata kwa kufanya shughuli hiyo kwa manufaa yake mwenyewe bila mwenye mali kufahamu. Lakini nyinyi mkishasema “cha juu ni chako”, mmemruhusu kwa kinywa chenu, na itakuwa vigumu kudai lolote hata mkija kugundua kwamba cha juu kilikuwa milioni 40.

Dalali wa kwanza ana tatizo la aina nyingine. Kutaja bei kubwa ni njia ya zamani ya kupata kazi, kwa sababu hakuna mwenye nyumba asiyependa kusikia kwamba mali yake ina thamani kubwa. Muulizeni swali moja tu: ni nyumba zipi za mtaa wenu, au za mitaa ya jirani, zimeuzwa na kulipwa kwa bei inayokaribia hiyo katika mwaka uliopita? Msikubali ajibu kwa nyumba zinazotangazwa, kwa kuwa bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji, na nyumba nyingine hukaa na matumaini hayo miaka mitatu. Akiweza kuwakutanisha na mtu ambaye yeye alimsaidia kuuza nyumba, zungumzeni na mtu huyo bila dalali kuwepo, mkamuulize kama fedha yote ilimfikia na kama alijua bei halisi ambayo mnunuzi alilipa.

Kwa maelezo mliyonipa, mimi ningeendelea na wa pili, kwa masharti. Si kwa sababu bei yake ni ya wastani, bali kwa sababu yeye peke yake ametaka mambo yaandikwe. Hata hivyo, kuandikiana hakutoshi. Ulizieni kama biashara yake imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kama ana namba ya mlipakodi, nendeni mkaione ofisi yake, na mwangalieni anataka kujua nini kwanza. Dalali anayeomba kuona nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi na mipaka ya kiwanja kabla ya kuzungumzia kamisheni ni mtu anayefahamu mahali ambapo mauzo hukwama.

Mkataba wenu uwe mfupi na ueleweke. Uandike bei ya kutangaza, na useme wazi kwamba ni marufuku kuongeza chochote juu yake. Uandike kwamba kila mnunuzi anayetaja bei, hata ndogo, mtaarifiwe nyinyi siku hiyohiyo, na kwamba uamuzi wa kukubali au kukataa ni wenu. Kamisheni ihesabiwe kwa bei iliyolipwa kweli, na ilipwe fedha zikishaingia kwenye akaunti yenu. Kama mnunuzi analipa kwa awamu, kamisheni nayo ifuate awamu hizo. Madalali wengine hudai asilimia 10, lakini asilimia ni jambo la makubaliano, na kwa nyumba ya thamani hiyo asilimia 5 si ndogo. Muda uwe miezi mitatu. Muulizeni pia kama anawatoza watu ada ya kuonyeshwa nyumba, kwa maana dalali anayepokea shilingi 20,000 kwa kila anayekuja kutazama anaweza kupata riziki nzuri kwa kuionyesha nyumba yenu mwaka mzima bila kuiuza. Hati halisi isitoke nyumbani, na dalali asipokee malipo ya nyumba kwa niaba yenu, hata ya utangulizi.

Baada ya wiki ya kwanza, mwombeni ndugu ambaye dalali hamfahamu ampigie simu kama mnunuzi na kuulizia bei. Atakachojibiwa ndicho kinachosemwa sokoni.

Sasa nije kwenye bei yenyewe, ambayo wauzaji wengi huianzia mahali pasipofaa. Mtu hujumlisha kiwanja, tofali, nondo, bati, fundi na miaka yake ya kujinyima, kisha akaiita jumla hiyo bei. Naielewa hesabu hiyo na ninaiheshimu, hasa kwa walimu waliojenga kwa mshahara na mikopo ya chama. Mnunuzi, hata hivyo, halipi gharama zenu. Analipa kile anachoweza kukipata kwingine kwa fedha ileile. Kwa Kimara atauliza kwanza kama gari linafika hadi getini wakati wa masika, nyumba iko umbali gani kutoka Barabara ya Morogoro na kituo cha mwendokasi, kiwanja kiko mlimani au bondeni, na maji ya DAWASA yanatoka mara ngapi kwa wiki. Atauliza pia kuhusu hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa kuwa watu hawajasahau bomoabomoa ya mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya. Kama kiwanja chenu kiko nje ya hifadhi, wekeni tayari ramani ya upimaji inayoonyesha hivyo, maana karatasi hiyo inaweza kuilinda bei yenu kuliko rangi mpya ukutani. Na hati mliyonayo ni ya thamani kubwa, kwa sababu nyumba ya jirani yenye leseni ya makazi au karatasi ya serikali ya mtaa pekee haiwezi kulinganishwa na yenu.

Kabla ya kutangaza, mlipeni mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Taarifa yake inaweza kuwa na thamani mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo benki huitumia inapofikiria mali itakayonadiwa. Dalali asiwatishe kwa hiyo ya pili; nyumba yenu hainadiwi na benki. Taarifa ya mthamini ina faida nyingine pia. Mnunuzi anayetegemea mkopo ataletewa mthamini wa benki, na benki haitamkopesha kwa bei iliyo juu mno ya thamani itakayoonekana, hata kama yeye mwenyewe ameipenda nyumba.

Tuseme mthamini amesema milioni 165, na nyumba mbili zinazofanana na yenu, zenye hati, zimeuzwa kwa milioni 155 na milioni 172. Hapo ningetangaza milioni 178. Mnunuzi wa kwetu hanunui bila kuomba apunguziwe, kwa hiyo ni lazima pawepo nafasi ya mazungumzo, lakini nafasi hiyo isiwe ya milioni 70. Nyumba inayoanza na 240 hukosa wale ambao wangeingia kwenye mazungumzo, hukaa miezi minane, na mwishowe kila anayefika huuliza ina kasoro gani. Nimeona nyumba za namna hiyo zikiuzwa chini ya bei ambayo zingepata mwanzoni. Bei ya mwisho ambayo hamtashuka chini yake ikubalianeni nyinyi wawili chumbani, na dalali asiijue. Bei itangazwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Katika kuipanga bei ya mwisho, hesabuni pia kodi. Faida ya mauzo hutozwa asilimia 10 kwa mkazi wa Tanzania. Mkiuza kwa milioni 165 na mkaweza kuthibitisha gharama za milioni 75, faida ni milioni 90 na kodi ni milioni 9. Upo msamaha kwa makazi binafsi ambayo mwenyewe ameyamiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi, lakini ni pale tu faida isipozidi milioni 15, kwa hiyo msiutegemee. Tafuteni risiti zote mlizonazo. Na mtu akiwashauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue, kataeni: ni udanganyifu, na mnunuzi akigoma kumalizia malipo, bei mtakayoweza kuidai mahakamani ni ile iliyoandikwa.

Mwisho, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa ya maandishi iandaliwe na wakili mapema, ili isije ikasubiriwa siku mnunuzi ameshika fedha.

SWALI: Nauza nyumba yangu ya Swahili mtaa wa Majengo, Mombasa. Ajenti amenipa bei kwa kuifuata nyumba ya jirani iliyouzwa mwaka jana. Ile ya jirani ina hati ya ardhi. Yangu imejengwa juu ya ardhi ya mtu, ninayemlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Je, bei hiyo itasimama?
Baba wa Majengo

JIBU: Haitasimama, Baba, na ajenti ambaye hakukuuliza habari ya ardhi kabla ya kutaja bei hakufanya kazi yake. Wewe unauza nyumba bila ardhi, desturi inayojulikana sana pwani. Anayenunua ananunua kuta, paa na nafasi ya kuendelea kulipa kodi ya kiwanja, ikiwa mwenye ardhi atamkubali. Linganisha na nyumba za aina hiyohiyo peke yake. Mwendee kwanza mwenye ardhi, lipa malimbikizo kama yapo, na umwombe barua ya kumtambua mnunuzi kwa kodi itakayotajwa. Barua hiyo mkononi, unaweza kusimama imara kwenye bei yako. Pia unaweza kumuuliza kama yuko tayari kuuza ardhi yenyewe, maana wakati mwingine nyinyi wawili mkiuza pamoja kila mmoja hupata zaidi.

Kuhusu ajenti, Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, ya mwaka 1984, na bodi inayowasajili. Mwombe namba yake ya usajili, uihakikishe kwa bodi yenyewe. Broka wa barazani anaweza kukuletea mnunuzi wa kweli, lakini akikukosea huna pa kumshitakia kwa urahisi.

SWALI: Ninaishi Muscat. Nina nyumba Tanga ninayotaka kuiuza, na dalali amependekeza nimpe yeye mwenyewe hati ya nguvu za uwakili ili nisihangaike na safari. Je, ni salama?
Msomaji, Muscat

JIBU: Si salama, ndugu yangu. Anayetafuta mnunuzi na anayetia saini kwa niaba yako wasiwe mtu mmoja, kwa sababu atakuwa na uwezo wa kupanga bei, kuikubali na kuipokea bila wewe kuulizwa. Mpe nguvu hizo ndugu unayemwamini au wakili. Hati itaje nyumba hiyo moja kwa namba yake ya kiwanja, itaje bei ambayo hataruhusiwa kushuka chini yake, na itaje akaunti yako ya benki kuwa mahali pekee pa kupokelea malipo. Itie saini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania hapo Muscat, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati kabla ya mnunuzi yeyote kuanza kuzungumza nawe.