Maswali na majibu: Bamba la kuunganisha kofia za beringi kuu

Bamba hili ni kipande kinene cha chuma kinachokaa migongoni mwa kofia za beringi kuu (vipande vinavyoishikilia krankshafti kwenye bloku), chini ya krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kuzifunga zote pamoja. Maswali tuliyopata ni mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Nitajuaje kama injini yangu inalihitaji kweli?

Fungua kofia utazame uso wake unaokutana na bloku. Kofia iliyotulia huacha uso wenye alama za mashine zilezile za kiwandani. Ile inayocheza utaiona: madoa yanayong'aa, pembeni yake weusi na vishimo vidogo, kana kwamba vyuma viwili vimekuwa vikitafunana. Hiyo ni dalili kwamba kofia inasogea injini inapobeba mzigo, hasa ikiwa imeongezwa turbo au inazungushwa mizunguko mingi kuliko ilivyokusudiwa. Bamba litasaidia. Lakini kama bloku ina ufa kwenye kuta zinazobeba beringi, au injini inagonga kwa sababu ya mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, usilitegemee bamba. Tibu hayo kwanza.

Nimenunua bamba la chuma la injini ya silinda nne. Naliweka juu ya kofia, nakaza, basi?

Hapana, ndugu. Hapa ndipo injini nyingi zinapoharibikia. Bamba halinyooshi kitu. Linashikilia kile linachokikuta. Kofia zikipishana kimo, ukikaza ama bamba litapinda ama kofia itavutwa upande, na tundu la beringi halitakuwa duara tena.

Safisha kila uso, ondoa vichongo vyote kwa jiwe la mafuta. Rudisha kila kofia kwa namba yake, mshale ukitazama mbele, kisha zigonge kwa nyundo ya plastiki mpaka zikae kitako. Weka bamba, pitisha studi (bolti zisizo na kichwa, zinazokazwa kwa nati) au bolti zote kwa mkono, halafu kaza kofia ya katikati peke yake hadi theluthi ya toki (nguvu ya kukazia iliyowekwa). Sasa chukua ulimi mwembamba wa fila geji (kipimo cha nafasi nyembamba), wa milimita 0.04, na ujaribu kuupitisha chini ya bamba kwenye kila kofia nyingine. Ulimi huo haupaswi kupita popote. Ukipita, angalia tena kama kofia hiyo imekaa sawa. Kama imekaa na nafasi bado ipo, migongo ya kofia ichongwe kwenye mashine mpaka ilingane. Usijaze nafasi kwa vipande vya bati. Bati hulegea kwa joto na mtikisiko, na nguvu ya bolti hupotea nalo.

Bloku yangu ilipimwa ikawa nzima. Kuna haja ya kuhoni mstari wa beringi (kusugua matundu yake kwa mawe hadi yawe duara na yanyooke) baada ya kufunga bamba?

Vipimo vya awali vilichukuliwa bila bamba na kwa bolti za zamani. Studi mpya zinabana kwa nguvu tofauti, na tundu hubadilika umbo. Kwa hiyo funga kofia, bamba na studi kwa toki ya mwisho, bila beringi, kisha pima kila tundu kwa boa geji (kipimo cha kipenyo cha ndani ya tundu): wima, na digrii 45 kila upande. Likitoka nje ya kiwango cha kitabu cha injini, honi.

Mwambie fundi wa mashine apunguze kwanza nyuso za kofia, ili chuma kingi kitoke upande wa kofia na si upande wa bloku. Akikata bloku sana, krankshafti itapanda juu, na cheni au mkanda wa taimingi utalegea.

Ukimaliza, weka beringi, kaza tena kila kitu, pima. Mfano: jino la krankshafti (sehemu yake inayozunguka ndani ya beringi) lina kipenyo cha milimita 55.000, tundu lenye beringi 55.055. Nafasi ya oili ni 0.055, yaani elfu moja ya kipenyo, na hicho ni kiwango cha kawaida cha kuanzia. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Bolti za zamani zinatosha?

Hazitoshi. Bamba la milimita 10 linakula milimita 10 za nyuzi ndani ya bloku. Kwenye bloku ya chuma nyuzi ziingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti. Kwa bolti ya M11 ni kama milimita 16.5. Kwenye aluminiamu ziwe mara mbili, milimita 22. Hakikisha pia bolti haigongi mwisho wa tundu, na kausha oili iliyomo humo, maana ikibanwa inaweza kupasua bloku.

Studi iingie kwa vidole tu, usiikaze kwenye bloku. Nati ikazwe kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa toki na kilainishi alichotaja mtengenezaji wa studi. Toki ya bolti za kiwandani si ya studi.

Krankshafti ilizunguka laini. Nimefunga bamba, sasa inagoma.

Sikiliza inagomaje. Ikikwama mahali pamoja na kutoa mlio wa chuma, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) au kibonge cha mizani cha krankshafti kinagusa bamba. Bandika udongo wa plastisini kwenye bamba, zungusha, kisha pima unene uliobaki. Uwe angalau milimita 2. Ikiwa nzito mzunguko mzima, kuna tundu lililobanwa: legeza kofia moja moja mpaka krankshafti iachie, hiyo ndiyo yenye kosa. Na kabla ya kukaza kofia yenye beringi za kuzuia msukumo, gonga krankshafti mbele na nyuma kwa nyundo laini ili nyuso zake zilingane.

Naweza kuchonga bamba la aluminiamu kwa bloku ya chuma?

Hatushauri. Joto likipanda kwa digrii 80, urefu wa milimita 300 wa aluminiamu huongezeka takriban 0.55, na wa chuma cha bloku takriban 0.26. Tofauti hiyo ya karibu milimita 0.3 inazisukuma kofia kila injini inapopata moto.

Injini yangu ina fremu moja badala ya kofia. Naweza kuchukua ya bloku nyingine?

Hapana. Matundu yalichongwa fremu na bloku zikiwa zimefungwa pamoja. Na unapoirudisha tumia gundi nyembamba iliyotajwa na kiwanda, si silikoni nene. Silikoni inainua fremu na kuharibu nafasi ya oili.

Sampu (beseni la oili chini ya injini) imegoma kukaa baada ya bamba.

Huenda strena (chujio ambalo pampu huvutia oili) au bomba lake linagonga bamba. Ukilipinda au kulikata, pima upya umbali kutoka mdomo wa strena hadi sakafu ya sampu: milimita 6 hadi 10. Ukiwa mdogo zaidi oili haitapita vya kutosha, ukiwa mkubwa pampu itavuta hewa kwenye kona.