Wasomaji Wauliza: Nafasi ya darasa la kwanza shule ikijaa

Uandikishaji wa watoto wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba 1 na kwenda hadi Desemba 31, kwa ajili ya masomo yanayoanza Januari. Ndiyo maana barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wazazi. Tumechagua sita, na ndefu tumezifupisha.

*Januari nilimpeleka mwanangu darasa la kwanza, shule ambayo kengele yake tunaisikia nyumbani. Mwalimu mkuu akasema darasa limejaa, niende shule nyingine ng'ambo ya korongo. Jirani yangu anayekaa mbali zaidi, mtoto wake kapokelewa. Hizi nafasi zinagawiwaje? Wana haki ya kunirudisha?*
Mama wa watoto watatu, Muriet, Arusha

Mama, tuanze na haki. Mtoto aliyefikisha umri hatakiwi kukosa shule ya serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria, kwa hiyo serikali nayo haiwezi kumwacha hana pa kwenda. Lakini haki hiyo ni ya kupata shule. Haimpi mtoto haki ya shule fulani, na hapo ndipo wazazi na walimu wakuu wanapogongana kila Januari.

Katika shule za kawaida za serikali hakuna mtihani wala bahati nasibu. Kabla ya uandikishaji kuanza, kila shule huwa na maoteo, yaani idadi ya watoto wanaotarajiwa kutoka mitaa inayohudumiwa na shule hiyo. Mwalimu mkuu huyapima maoteo hayo na vyumba alivyonavyo. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi, na 25 kwa darasa la awali.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Shule ina mikondo mitatu ya darasa la kwanza: 45 mara tatu ni 135. Waliosoma awali hapohapo ni 110. Hao hawaombi upya, wanapanda tu. Zimebaki nafasi 25 kwa watoto wote wa mitaa hiyo ambao hawakusoma awali, pamoja na waliosoma chekechea za watu binafsi. Nafasi hizo 25 zinaweza kuisha Oktoba hiyohiyo. Upo uwezekano mkubwa kwamba jirani yako hakupendelewa: mtoto wake alikuwa darasa la awali pale mwaka mzima. Kwa shule inayogombewa, mlango wenyewe ni darasa la awali, mtoto akiwa na miaka 5. Wazazi wengi hulijua hilo wakati mlango umeshafungwa, na inauma kwa sababu hakuna anayewatangazia.

Ni kweli pia kwamba shule nyingi za pembezoni mwa jiji, Muriet, Terrat na Olasiti zikiwamo katika maeneo yaliyojaa watu kwa kasi, hazisimami kwenye 45. Chumba kinaweza kubeba 80 au zaidi. Kwa hiyo "limejaa" ni uamuzi wa mwalimu mkuu anayetazama madawati na vyoo vyake, na uamuzi huo unaweza kuangaliwa upya na aliye juu yake.

Fanya hivi. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, chukua barua inayoonyesha unaishi mtaa upi na tangu lini. Kisha nenda ofisi ya kata ukamwone Afisa Elimu Kata. Yeye ndiye mwenye takwimu za shule zote za kata, anajua ipi imezidiwa na ipi ina nafasi. Mweleze kwa maandishi, ukurasa mmoja tu: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule uliyokwenda, siku uliyokwenda, na ulichoambiwa. Usiandike kwamba unaitaka shule ile kwa sababu inafaulisha. Hiyo kila mzazi huisema na haina uzito. Andika kuhusu korongo. Njia inayojaa maji wakati wa masika, au barabara kuu ambayo mtoto wa miaka sita ataivuka peke yake, ni sababu ambayo ofisa anaweza kuifanyia kazi. Akishindwa, barua hiyohiyo ipeleke kwa Afisa Elimu Awali na Msingi katika ofisi za jiji.

Wakati unafuatilia, mwandikishe mtoto kwenye shule uliyoelekezwa. Kumhamisha aliyekwisha kuingia kwenye daftari ni rahisi kuliko kumwombea nafasi aliyekaa nyumbani miezi miwili huku wenzake wameshaanza kusoma silabi.

*Ninaishi Kiranyi, nina kibanda soko la Kilombero. Nataka mtoto asome mjini, niwe napita naye asubuhi. Rafiki yangu wa Ngarenaro yuko tayari kunipa anwani yake nichukulie barua ya mtaa. Kuna ubaya?*
Baba wa mtoto mmoja

Upo, kaka, na utaubeba wewe na yule mwenyekiti wa mtaa atakayegonga muhuri. Kiranyi iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kilombero na Ngarenaro ziko Jiji la Arusha. Ukivuka hapo umevuka halmashauri: ofisa elimu mwingine, bajeti nyingine, maoteo mengine. Mtoto wako ameshahesabiwa upande wa Kiranyi. Ukimpachika Ngarenaro kwa barua ya uongo, siku orodha ya shule inapolinganishwa na ya mtaa jina halionekani, na wa kwanza kuambiwa arudi kwao ni yeye.

Kusoma nje ya eneo unaloishi hakujakatazwa. Nenda wazi kwa mwalimu mkuu wa shule ya mjini, mapema Oktoba, sema unaishi Kiranyi na unafanya kazi Kilombero, omba mtoto apokelewe zikibaki nafasi baada ya watoto wa mtaa. Shule za katikati ya mji, ambako nyumba za kuishi zimepungua na maduka kuongezeka, mara nyingine zina nafasi hiyo. Ila fikiria na siku utakayoumwa: mtoto atasimama kituoni saa 12 asubuhi, na makonda wengi huwakwepa wanafunzi gari likianza kujaa.

*Mtoto wangu hana cheti cha kuzaliwa, nina kadi ya kliniki tu. Pia ana miaka mitano na nusu lakini anajua kusoma. Naweza kumwongezea umri aingie darasa la kwanza?*
Mama, Sombetini

Kadi ya kliniki inatosha kumwandikisha. Kukosa cheti si sababu ya kumrudisha mtoto, ila anza kukifuatilia RITA mara moja, maana kitahitajika mbele.

Umri usiuguse, tafadhali. Darasa la kwanza ni miaka 6 na awali ni miaka 5. Taarifa unazotoa siku ya uandikishaji huingia kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani unaotunza kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na zitamfuata hadi mtihani wa darasa la nne na wa kumaliza. Cheti cha kuzaliwa kikija na tarehe nyingine, utaanza safari za kusahihisha.

Hali ni hiyohiyo kwa majina, na hapa makosa ni mengi kuliko ya umri. Kadi ya kliniki imeandikwa "Jonathani", shuleni kaandikwa "Jonathan", cheti kinakuja na jina la babu badala ya la ukoo. Au mtoto anaandikishwa kwa jina la baba wa kambo, kisha cheti kinatoka na la baba mzazi. Kabla hujaondoka mezani kwa mwalimu, omba usome alichoandika, herufi kwa herufi: majina matatu, jinsia, tarehe, mwezi, mwaka. Kosa hilo siku hiyo hufutwa kwa kalamu. Likigunduliwa darasa la mwisho, linahitaji barua na viapo.

*Tumeambiwa kila mzazi alipe Sh 20,000 ya dawati ndipo jina liandikwe. Risiti hakuna. Ni halali?*
Mzazi, Unga Limited

Hapana. Tangu Januari 2016 elimumsingi ya serikali haina ada, na hakuna mchango wowote unaoweza kufanywa sharti la kuandikishwa wala sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Shule hupata ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, Sh 6,000 zikienda shuleni na Sh 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Ni fedha ndogo, tunakubali. Kwa kiwango hicho cha Sh 6,000, shule ya watoto 1,000 inaendesha mwaka mzima kwa Sh milioni 6: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati. Ndiyo maana wazazi huombwa kuchangia. Lakini mchango halali una alama zake: umepita kwenye mkutano wa wazazi na kamati ya shule, una kibali cha serikali, unatolewa stakabadhi, na asiyenao mtoto wake anaendelea kusoma. Unaobaki kwako ni wajibu wa sare, madaftari na kalamu, na chakula kwa namna mlivyokubaliana.

Kinachodaiwa kabla ya jina kuandikwa, bila stakabadhi, ni rushwa hata kikiitwa dawati. Omba stakabadhi kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi dai huishia hapo. Lisipoisha, mwone Afisa Elimu Kata au piga TAKUKURU namba 113, simu hiyo hailipiwi.

*Shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza zinapokeaje watoto?*
Msomaji, Sekei

Hizo ni chache na zina utaratibu wake. Arusha School, iliyoanzishwa mwaka 1934, ni mojawapo: ni ya serikali, lakini mzazi hulipa ada. Kwa kawaida shule za aina hii hazifuati mtaa. Unachukua fomu, mtoto anafanya usaili, na nafasi hujaa mapema. Ulizia mwezi wa Agosti. Kama usaili hautafanikiwa, bado uwe umemwandikisha shule ya mtaa wako, kwa sababu majibu yakichelewa hadi Desemba utakuwa umepoteza kote. Kwa shule binafsi tunaongeza moja: omba kuona namba ya usajili, ile inayoanza na EM. Shule isiyosajiliwa haina uwezo wa kumwingiza mtoto kwenye PReM.

*Tunahama Pasua, Moshi, kuja Arusha mwezi wa Juni. Mtoto yuko darasa la tatu. Tufanyeje asikose shule?*
Baba na mama, Moshi

Anzeni Arusha. Kosa la wengi ni kuchukua uhamisho kwanza na kuja kutafuta nafasi baadaye. Tafuteni shule karibu na mtakapoishi, mwalimu mkuu athibitishe kwa barua kwamba ana nafasi ya darasa la tatu. Barua hiyo ipelekeni kwa mwalimu mkuu wa Moshi pamoja na maombi yenu ya uhamisho yenye sababu. Kwa kuwa mnatoka mkoa wa Kilimanjaro kwenda wa Arusha, maombi yatapita kwa maofisa elimu wa pande zote mbili, kwa hiyo jipeni wiki kadhaa kabla ya likizo ya Juni.

Andikeni namba yake ya PReM pembeni mwa daftari, msitegemee kuipata kwa simu. Shule ya zamani isipomhamisha kwenye mfumo, mtoto atakaa darasani Arusha huku mfumo ukimsoma yuko Moshi. Mwaka wa kwanza hamtaona tofauti. Mtaiona akifika darasa la nne, siku ya kusajili watahiniwa, jina linapokosekana. Baada ya wiki mbili za kuripoti, ulizeni ofisini: "Ameshaonekana kwenye mfumo?" Na msiache jambo hili hadi mwakani, kwa sababu uhamisho wa madarasa ya mtihani, la nne na la saba, usajili ukishapita huwa mgumu sana.

Barua moja ya ziada imetoka Olasiti, kwa mzazi anayeuliza kama wazazi wanaweza kuomba shule igawanywe, kwa kuwa darasa la mwanawe lina watoto zaidi ya 100. Wanaweza. Jambo hilo huanzia kamati ya shule, ambayo ina wazazi waliochaguliwa na mwalimu mkuu akiwa katibu, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Nendeni na hesabu tatu: watoto wangapi kwa chumba, wangapi kwa tundu la choo (kiwango ni wasichana 20 na wavulana 25), na eneo lipi la wazi lipo kwa ujenzi. Hilo la tatu ndilo hukwamisha. Fedha za vyumba zimekuwa zikija, zikiwamo za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za awali na msingi, lakini mtaa usio na kiwanja chenye hati hupitwa. Kama kuna eneo la umma ambalo halijavamiwa, mtendaji wa mtaa aiandikie halmashauri mwaka huu.