Usukani wa pikapu kucheza: anza na tairodi, si boksi

Pole ndugu, umesema usukani wa pikapu yako unazunguka karibu robo mzunguko kabla tairi hazijageuka, na unabeba korosho kutoka Newala. Hiyo ni hatari, hasa ukiwa na mzigo. Usipakie mzigo kwanza.

Fundi amekwambia ununue stelingi boksi nyingine (boksi ya gia inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi)? Subiri. Gari likiwa chini, mtu atikise usukani kidogo kushoto na kulia, wewe chungulia viungo kimoja kimoja. Shika tairodi endi (kiungo cha mwisho wa tairodi, fimbo inayogeuza tairi) kwa kiganja: ikiwa imechoka utaisikia inagonga, na mara nyingi mpira wake umepasuka, vumbi limeingia. Angalia pia bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi.

Kisha inua tairi, weka stendi. Jeki peke yake haiaminiki. Tairi ikicheza ukiishika kushoto na kulia, shuku tairodi. Ikicheza ukiishika juu na chini, shuku beringi au boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka na kupanda na kushuka). Boljointi iliyolegea usiendeshe nayo hata hadi gereji, mwite fundi aje.

Viungo vikiwa vizima ndipo boksi ikazwe kwa skrubu yake ya juu, kidogo kidogo. Ikikazwa mno usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Ukibadilisha tairodi, kapime alaimenti (mpangilio wa tairi).